Barua ya Wazi kwa Watunzaji wa Programu Huria: Rahisisheni Namna ya Kuzijenga

Kwa waandishi na watunzaji wa programu huria za kompyuta, Tanzania na Afrika Mashariki nzima. Na kwa wakuu wa idara za kompyuta katika vyuo vyetu vikuu.

Ndugu zangu,

Nawaandikia kutoka Kilwa Masoko, ninakofundisha vijana kutumia na kutengeneza kompyuta. Ombi langu ni moja: acheni mifumo mizito ya kujenga programu, mhamie mifumo myepesi ambayo kijana mwenye laptopu ya kawaida na bando dogo anaweza kuianza na kuimaliza. Nazungumzia hasa programu za mezani, zile zinazokaa ndani ya kompyuta yenyewe na kufanya kazi mtandao uwepo usiwepo. Huku kwetu, kuanzia Somanga hadi Mchinga na Lindi mjini, hizo ndizo zinazotufaa zaidi.

Kwa msomaji asiye wa fani hii, nieleze kidogo. Programu huandikwa na binadamu kama maandishi, tunayoyaita msimbo chanzo. Kompyuta haiyaendeshi maandishi hayo yalivyo. Yanapitishwa kwanza kwenye kompaila, yaani programu ya kuyageuza kuwa lugha ya mashine, yanaunganishwa na maktaba, yaani misimbo iliyokwisha kuandikwa na watu wengine, kisha picha, aikoni na tafsiri zinawekwa mahali pake. Kazi hiyo yote ndiyo tunaita kujenga. Programu kubwa ina maelfu ya mafaili, kwa hiyo hakuna anayeijenga kwa mkono. Upo mfumo unaojua faili lipi litangulie, maktaba gani inatakiwa na kitu gani kikae wapi. Mfumo ukiwa mzuri, mtu anausahau na kushughulika na programu yake. Ukiwa mbaya, anashinda akihangaika na mfumo, na programu yenyewe hajaigusa.

Nitoe mfano niliouona kwa macho yangu. Kijana mmoja ninayemfundisha alikuta kasoro kwenye dirisha la kuchapisha la programu huria aliyokuwa akiitumia kwa Kiswahili. Maneno ya kitufe yalikuwa marefu kuliko nafasi iliyotengwa, yakakatwa katikati, na mtu asiyeizoea programu hiyo asingejua kitufe kile ni cha nini. Kijana akapakua msimbo chanzo, akatafuta, akapata mahali ambapo upana wa kitufe umepangwa kwa namba. Akaifuta namba ili kitufe kijipanue chenyewe kufuata maneno. Rekebisho lote lilikuwa mstari mmoja. Kilichobaki ni kuijenga programu, aone kama kitufe kimekaa sawa, kisha awatumie watunzaji.

Hapo ndipo alipokwama. Maelekezo yalimtaka kwanza azalishe skripti ya kusanidi, halafu aiendeshe. Skripti ikaanza kumiminika kwenye skrini, ikikagua kimoja baada ya kingine: kompaila ipo, zana fulani ipo, ukubwa wa namba kamili ni huu. Kisha ikasimama ghafla, ikidai kuna kosa la sintaksia kwenye mstari wa elfu kumi na kitu, ndani ya faili ambalo hakuna binadamu aliyeliandika kwa sababu lilizalishwa na mashine. Wazoefu wa Autotools, mfumo wa kujenga uliotumika hapo, wanaujua ugonjwa huu. Kifurushi kidogo kiitwacho pkg-config hakikuwepo kwenye kompyuta, kwa hiyo amri iliyokitegemea ikabaki ghafi ndani ya skripti. Dawa yake ni kusakinisha kifurushi hicho na kuanza upya. Lakini ujumbe wa kosa haukuitaja dawa hiyo hata kidogo. Kijana alimaliza bando lake akisaka majibu, akasakinisha hiki na kile kwa ushauri wa watu wasioijua hali yake, mwishowe akaacha. Rekebisho lake halijawafikia watunzaji mpaka leo.

Kazi ya kuprogramu aliiweza. Kilichomshinda ni kudaiwa ajue historia ya zana zilizotengenezwa kabla hajazaliwa. Na vijana wa namna yake wapo wengi, tena wengine hamtawasikia kabisa, kwa sababu anayekwama kwenye kujenga hana hata swali la kuwaandikia.

Zana hizo nazo hazikuja kwa ubaya, na tuzipe haki yake. Make iliandikwa na Stuart Feldman katika maabara za Bell mwaka 1976, na mpaka leo inafanya kazi. Autoconf ilifuata mwaka 1991, halafu Automake na Libtool; hizo tatu ndizo Autotools, zikilenga tatizo lililokuwa kubwa wakati ule: kulikuwa na aina nyingi za Unix, kila kampuni na ya kwake, na programu ililazimika kuikagua mashine kabla ya kujengwa juu yake. Ndiyo maana skripti ile inauliza maswali mengi hivyo. Leo mengi ya maswali hayo hayana kazi. Kompyuta za wanafunzi wangu zina Linux au Windows, na mashine nyingi zilizohitaji ukaguzi ule zimebaki katika majumba ya makumbusho.

Wenzetu wameliona hilo na wamehama. Watengenezaji wa KDE, mazingira ya mezani ya Linux, walipokuwa wakiandaa toleo lao la 4 waliachana na Autotools mwaka 2006 na kuchagua CMake. QGIS, programu ya ramani inayotumiwa sana na wapimaji na wahifadhi wa hapa nchini, nayo inajengwa kwa CMake. Upande wa GNOME, mazingira mengine ya mezani, kuanzia mwaka 2017 miradi yao mingi ilihamia Meson, mfumo ulioanzishwa na Jussi Pakkanen wa Finland na kutolewa mara ya kwanza mwaka 2013. GTK 4, maktaba ya kutengenezea madirisha iliyotoka Desemba 2020, inajengwa kwa Meson pekee. GIMP, programu ya picha ambayo wenye studio wengi wanaifahamu, ilipotoa toleo la 3.0 Machi 2025 ilikuwa imekwisha kuachana na Autotools. Hii ni miradi mikubwa yenye mamilioni ya watumiaji, nayo ilikubali kuubeba usumbufu wa kuhama.

Urahisi ninaouomba unaonekana kwa macho. Programu ndogo ya dirisha moja iliyoandikwa kwa C na GTK inahitaji faili la Meson lenye mistari mitatu. Wa kwanza unataja jina la mradi na lugha iliyotumika. Wa pili unataja maktaba inayotegemewa. Wa tatu unataja faili la msimbo na programu itakayotokana nalo. Mwanafunzi wa kidato cha nne akielekezwa mara moja analisoma faili hilo na kulielewa. Kisha anaandika amri mbili, «meson setup ujenzi» na «ninja -C ujenzi», na programu inajengwa. Maktaba isipokuwepo, ujumbe unaitaja kwa jina na kusema haikupatikana, naye anajua aende kutafuta nini. Akibadilisha faili moja, Ninja, zana inayotekeleza mpango wa Meson, inajenga upya kile tu kilichoguswa na badiliko hilo. Kwenye laptopu ya zamani yenye betri iliyochoka, hilo ndilo linaloamua kama kazi itakamilika leo au la.

Sasa niseme kwa nini jambo hili linatubana zaidi sisi wa pwani ya kusini. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipiga pwani yetu, na mvua zake zikaikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi eneo la Somanga, wilayani Kilwa. Tarehe 12 ya mwezi huohuo kebo za baharini za EASSy na Seacom zikapata hitilafu, na intaneti ikazorota nchi nzima. Ndani ya mwezi mmoja tulionja barabara kukatika na mtandao kukatika. Hata hali ikiwa njema, mafaili makubwa huku tunaletewa kwenye flashi na mtu anayeshuka na basi kutoka Dar, kwa sababu bando la kuyapakua linazidi alichonacho mwanafunzi. Kwa hiyo ninaposema mfumo mwepesi, naomba mnielewe vizuri.

Uko urahisi wa aina mbili. Aina ya kwanza ni ya amri chache: unaandika neno moja, mfumo unaingia mtandaoni wenyewe, unashusha mamia ya vifurushi, na baada ya muda programu iko tayari. Kwa mtu aliye ofisini Dar es Salaam au Nairobi mwenye mtandao usiokatika, hilo ni jambo jema. Kwa Kilwa ni rahisi kwa vidole lakini ni ghali kwa bando, na mtandao ukikatika katikati hakuna kinachofanyika. Aina ya pili ni ya mahitaji machache: ukishapata msimbo chanzo na maktaba zilizotajwa, unajenga na kujenga tena bila kuugusa mtandao. Hiyo ya pili ndiyo ninayoiombea. Kwa bahati nzuri Meson inaziruhusu zote mbili. Ina chaguo la kukataza upakuaji wowote wakati wa kujenga, na mtunzaji makini anaweza kuhakikisha mradi wake unajengwa hata chaguo hilo likiwa limewashwa.

Sisi wa hapa tunaijua faida ya kutegemea kilicho karibu kwa mfano ulio mbele yetu. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na kutolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi ya ukarabati. Kuta zile zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, vitu vya pwani hiihii, kwa hiyo fundi wa leo anaweza kuziba ufa kwa vifaa vilevile alivyotumia fundi wa kale. Programu nayo nataka iwe hivyo: mwenyeji wake aweze kuikarabati kwa vifaa vilivyo karibu naye.

Historia yetu wenyewe inatufundisha pia. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliofanywa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na kampuni ya IT+46 ya Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, ofisi kamili ya kompyuta kwa Kiswahili: kuandika barua, kupanga mahesabu, kuandaa mawasilisho. Lilikuwa tendo la heshima kubwa kwa lugha yetu. Lakini OpenOffice ya enzi zile ilikuwa miongoni mwa programu ngumu kabisa kujenga duniani. Hata kompyuta nzuri ilichukua saa nyingi, na mfumo wake ulikuwa mseto wa zana ambazo hazikuzoeleka kwingine. Tafsiri inahitaji kuhuishwa kila toleo jipya linapotoka, na anayehuisha lazima aweze kujenga aone maneno yake yamekaaje. Ujuzi huo ukibaki kwa watu wachache, kazi inasimama siku watu hao wakihamia shughuli nyingine. Wenzetu walioanzisha LibreOffice Septemba 2010 walilitambua tatizo hilo mapema. Waliiondoa zana ya zamani ya dmake wakahamia GNU Make ya kawaida, na wakaandaa orodha ya kazi nyepesi kwa ajili ya wageni. Walijua kwamba mradi usiopokea watu wapya unazeeka pamoja na waanzilishi wake.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika programu huria mgeni ndiye anayeziona kasoro ambazo mwenyeji amekwisha kuzizoea. Mvuvi wa Kilwa Kivinje anayejaribu kuorodhesha samaki wake kwenye kompyuta, mwalimu wa Nangurukuru anayepanga matokeo ya mtihani, karani wa kikundi cha pweza Songosongo: hawa wanaijua kazi ambayo programu inapaswa kuifanya kuliko sisi tulioiandika. Wao wenyewe pengine hawatasoma msimbo. Lakini karibu nao yupo kijana anayeweza, na huyo ndiye ninayemtetea.

Lipo na suala la usalama, nalo ni zito. Tarehe 29 Machi 2024 mhandisi Andres Freund aliutangazia ulimwengu kwamba ndani ya xz, zana ya kubana mafaili inayotumika karibu kila mahali kwenye Linux, kulikuwa na mlango wa siri katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Aliugundua kwa sababu kuingia kwenye kompyuta kwa njia ya SSH kulichelewa kwa takriban nusu sekunde, naye hakuipuuza nusu sekunde hiyo. Sehemu kubwa ya hila ile ilijificha katika mfumo wa kujenga. Skripti iliyoiamsha iliwekwa ndani ya kifurushi cha toleo kilichosambazwa, na haikuwepo kwenye hazina ya msimbo ambako watu hukagua. Ilipita kwa sababu watu wamezoea kuona maelfu ya mistari iliyozalishwa na mashine, na hakuna anayekaa kuisoma. Mfumo mwepesi hauzuii kila hila, hilo nalikubali. Ila faili la kujenga lenye mistari hamsini linasomeka, na mstari wa kigeni ukiingizwa humo una nafasi ndogo ya kujificha.

Najua mtakayonijibu, kwa sababu ni majibu ya watu wa kazi. Wengine mtasema mfumo wa sasa unafanya kazi, kwa nini kuugusa? Kwenu unafanya kazi kwa sababu mnaijua mitego yake yote. Mjaribuni mtu asiyeijua, kwenye kompyuta isiyo yenu, mkae kimya mkimtazama. Wengine mtasema Meson inahitaji Python ilhali skripti ya zamani inahitaji shell na make tu. Ni kweli, na kwa programu inayolenga mashine za zamani sana hoja hiyo ina uzito. Kwa programu ya mezani yenye madirisha na picha, Python ni kitu kidogo ukilinganisha na maktaba nyingine inazozihitaji. Wengine mtasema mtumiaji anapewa programu iliyokwisha kujengwa, hana haja ya kujenga. Mtumiaji, ndiyo. Anayetaka kuitengeneza, hapana. Tukimwondoa huyo wa pili, tofauti kati ya programu huria na programu ya bure itakuwa imekwisha.

Hata leseni tunazozitumia zinalijua hili. Leseni ya GNU GPL, toleo la 2 la mwaka 1991, inapoeleza msimbo chanzo kamili inajumuisha na skripti zinazoongoza kukompaili na kusakinisha programu. Walioiandika waliona mbali: ukimpa mtu maandishi bila njia ya kuyageuza kuwa programu, haki uliyompa haina matumizi. Sisi tunaitimiza leseni kwa kuziweka skripti hizo. Nawaombeni tuitimize na nia yake, kwa kuweka skripti ambazo mtu anaweza kuzitumia.

Kwa hiyo naomba mambo haya.

Kwanza, kila mradi mpya wa programu ya mezani uanze na mfumo mmoja unaojulikana: Meson kwa wanaotumia GTK, CMake kwa wanaotumia maktaba ya Qt. Msitunge mfumo wenu wenyewe, hata kama mnaweza. Kijana akijifunza mmoja, awe amefungua miradi mia.

Pili, miradi ya zamani ihame kwa hatua. Wekeni mfumo mpya kando ya ule wa zamani kwa toleo moja, watu waujaribu, kisha tangazeni tarehe ya kuuondoa wa zamani na mtimize. Mifumo miwili ikikaa pamoja miaka na miaka, yote miwili inaoza.

Tatu, kila mradi uwe na ukurasa mmoja wa maelekezo kwa Kiswahili: vitu gani visakinishwe, amri gani ziandikwe, na makosa gani hutokea mara kwa mara. Ukurasa huo ujaribiwe na mtu asiyehusika na mradi, kwenye kompyuta iliyosakinishwa upya, mtandao ukiwa umezimwa baada ya kupakua mara ya kwanza. Akikwama, ukurasa ndio wenye kosa.

Nne, kwenu wakuu wa idara katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Dodoma, SUZA kule Zanzibar na vyuo vingine: mradi wa mwaka wa mwisho usipokelewe mpaka mwanafunzi mwingine ameujenga kwa kufuata maelekezo yaliyoandikwa tu. Hamhitaji fedha kwa hilo. Na pale mnapoweza, andaeni nakala za vifurushi vinavyohitajika kwenye diski, zifike chuo cha ufundi cha VETA Lindi na kwenye shule za sekondari zenye kompyuta. Diski moja itahudumia darasa zima kwa mwaka.

Haya yote hayaanzi kwa siku moja, na wala siombi hivyo. Kila mmoja wenu achague programu moja anayoitunza, ile yenye watumiaji wengi wa Kiswahili, aanze na hiyo mwaka huu. Mkishaweka mfumo mpya, tuleteeni sisi huku tuujaribu kabla hamjautangaza. Tutaujenga kwenye laptopu zetu za kawaida, bila mtandao, na kila tutakapokwama tutawaandikia kwa Kiswahili tukitaja amri tuliyoandika na jibu tulilopewa. Mradi ukijengeka Kilwa Masoko, utajengeka Kigoma, Lamu na Bukavu.

Wenu katika kazi,

Mkufunzi wa kompyuta,
Kilwa Masoko, Lindi.